Matufaha makali, maboga na nyanya mbichi za vuli: nitayatumiaje yote haya?

BintiMuheza (Derby) · 2 Novemba, saa 3 usiku

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za jioni.

Nimehamia Derby mwezi wa pili mwaka huu, kwa hiyo hii ndiyo vuli yangu ya kwanza ya Uingereza. Nyumba tuliyopanga ina mti wa matufaha nyuma ya jikoni. Tangu mwisho wa Septemba yanadondoka usiku na mchana. Ni ya kijani, makubwa, mengine yanajaa kiganja na kuzidi, na ukali wake si wa kawaida. Mwanangu wa miaka sita aliuma moja akalitema. Jirani akanieleza kwamba ni ya kupikia tu, akanionyesha namna ya kuyapika kwa sukari na kuyafunika kwa unga uliovurugwa na siagi kisha kuyaoka. Ni tamu, namshukuru, lakini tumeshakula mara nne na ndoo bado zimejaa.

Juu ya hayo nina maboga manne. Ninafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na sikukuu ya Halloween ya tarehe 31 Oktoba ilipokwisha tukaambiwa anayetaka boga achukue, vinginevyo yanatupwa. Nikachukua makubwa mawili ya rangi ya chungwa, moja la kijivu lenye ganda gumu kama jiwe, na dogo lenye shingo ndefu. Jana nilipika nusu ya lile kubwa kwa nazi kama tunavyofanya kwetu Ramadhani. Likawa maji matupu na nyuzi, watoto hawakuligusa.

Na leo asubuhi mzee wa nyumba ya pili kaniletea karibu kilo tatu za nyanya mbichi, anasema jalidi likiziwahi zitaoza zote.

Nimekulia Muheza. Msimu wa machungwa yakikosa mnunuzi yalikuwa yanaoza marundo kwa marundo kando ya barabara, na marehemu babu alikuwa akiyatazama bila kusema neno. Sitaki kutupa chakula. Tafadhali, aliyekaa huku miaka mingi anifundishe: mnafanya nini na haya yote, kwa mapishi yetu?

---

MkulimaNakuru (Reading) · 2 Novemba, saa 4 usiku

Karibu sana dada. Kwetu tunaita malenge, na jibu langu ni moja: chapati za malenge.

Tumia hilo dogo la shingo ndefu, nyama yake ni kavu. Menya, kata vipande, chemsha kwa mvuke mpaka lilainike, kisha ponda bila kuongeza maji. Kwa vikombe vitatu vya unga weka kikombe kimoja cha malenge yaliyopondwa, chumvi, mafuta vijiko viwili, ukande. Maji usiweke mpaka uone kama unga unayahitaji, mara nyingi hauyahitaji. Unga ukinata mikononi ongeza unga kidogo kidogo. Uache upumzike nusu saa, halafu endelea kama chapati nyingine. Zinatoka za manjano na zinabaki laini hata kesho yake, watoto wangu wanabeba shuleni.

Hayo matufaha sijui, mimi huwa nayapika tu jinsi jirani yako alivyokuonyesha. Nami nasubiri majibu.

---

MamaPangani (Nottingham) · 3 Novemba, saa 5 asubuhi

Marahaba mwanangu, na karibu huku. Nimesoma swali lako jana usiku nikashindwa kulala kabla sijapanga la kukwambia, maana mwaka wangu wa kwanza, 2003, nilikuwa na ndoo kama hizo zako na nilizitupa. Sikuwa na wa kumwuliza. Kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Nianze na matufaha, kwa sababu hapo ndipo penye hazina usiyoijua. Kwa jinsi ulivyoyaeleza, ya kijani, makubwa, yasiyolingana umbo, makali, hayo karibu hakika ni Bramley. Ni tunda la huku huku kwetu: mti wa kwanza uliota Southwell, mji mdogo usio mbali na Nottingham. Binti mmoja aitwaye Mary Ann Brailsford alipanda mbegu mwaka 1809. Baadaye nyumba ile ikanunuliwa na mchinja nyama, Matthew Bramley, na tunda likachukua jina lake yeye, si la binti aliyepanda. Jambo hilo huniuma kila nikilikumbuka. Aliyetia mbegu ardhini ni yeye.

Sasa sikiliza. Sahau neno tufaha. Ukilichukulia kama tufaha la kula utalisikitikia tu. Chukua kisu, likate vipande vyembamba na ganda lake, nyunyiza chumvi na pilipili ya unga, umpe mwanao. Usimwambie ni nini. Hiyo ni embe bichi, mwanangu. Ile ile tuliyokuwa tukinunua nje ya geti la shule. Mimi niliigundua kwa bahati nikiwa na mimba ya mwanangu wa pili, natamani embe bichi hata machozi yanatoka, na dukani embe zote zilizokuwepo zilikuwa zimeiva. Nikauma Bramley kwa chumvi nikiwa nimesimama jikoni, nikakaa chini. Tangu siku hiyo sijatupa hata moja.

Ukishakubali kwamba hiyo ni embe bichi, mapishi yote unayo tayari kichwani. Tofauti ni moja tu na lazima uijue: embe bichi likipikwa linabaki vipande, Bramley linayeyuka. Dakika kumi motoni limekuwa povu. Kwa hiyo pale unapotaka vipande usilipike, na pale unapotaka uzito na ukali lipike bila wasiwasi.

Kwa mchuzi wa samaki kuyeyuka kwake ni baraka. Nunua makrili, huyu ni wa ukoo mmoja na vibua wetu na huku si ghali. Kaanga kitunguu, thomu, tangawizi, binzari, nyanya moja. Paruza Bramley moja kubwa humo na maji kidogo. Likishapotea kwenye mchuzi tia samaki, akiiva tia tui zito la kopo, acha litokote mara moja, epua. Huhitaji ndimu wala ukwaju. Mume wangu ni mtu wa Bagamoyo, mgumu sana kwa samaki, na alipokula mara ya kwanza aliniuliza embe nimelipata wapi.

Achari sasa. Kwetu tunaanika embe juani siku mbili tatu. Hapa Novemba jua lenyewe ni la kuhesabu, kwa hiyo oveni ndiyo jua lako. Kilo moja ya Bramley, toa kokwa, usimenye, kata vipande vinene kama kidole gumba. Changanya na vijiko vitatu vya chakula vya chumvi, funika, acha mpaka asubuhi. Mwaga maji yaliyotoka, panga vipande kwenye trei, oveni nyuzi 80 tu, mlango ukiwa umeachwa wazi upenyo mdogo, saa mbili mpaka tatu. Unataka vinyauke kingo, visiive. Wakati huo chemsha mafuta, robo lita hivi, tia haradali mpaka zipasuke, uwatu kijiko cha chai, punje kumi za thomu, binzari ya manjano, pilipili kwa kadiri ya roho yako. Epua sufuria. Sasa ndipo utie kikombe cha siki, vijiko vinne vitano vya sukari, na vipande vyako. Usirudishe motoni. Tia kwenye chupa za mdomo mpana ulizoosha kwa maji moto na sabuni na kuzikausha oveni nyuzi 140 kwa robo saa. Weka kwenye jokofu, subiri wiki moja. Mimi hii siiachi nje ya jokofu, na ninaimaliza ndani ya mwezi. Pilau ya Krismasi nyumbani kwangu haiendi mezani bila chupa hiyo.

Yatakayobaki usikimbilie kuyapika yote wiki hii. Chagua yale uliyoyachuma mtini kwa mkono, yasiyo na jeraha wala tundu la mdudu, kila moja lifunge kwenye kipande cha gazeti, panga kwenye kasha yasigusane, weka banda la nje au popote penye baridi isiyogandisha. Nenda uyakague kila Jumapili, maana yule samaki mmoja akioza ni habari ya kweli kabisa kwa matufaha. Yangu hufika mwezi wa tatu. Yale yaliyodondoka na kupondeka ndiyo ya kutumia kwanza. Kata palipooza kwa upana, paruza mengine, changanya na maji ya limau yasigeuke rangi, gandisha kwenye vifuko vya kutosha mchuzi mmoja mmoja.

Maboga. Mwanangu, yale makubwa ya chungwa hayakukukosea. Yamekuzwa yawe makubwa na yachongeke, utamu haukuwa shabaha ya mtu. Yanaliwa, lakini lazima uyatoe maji kwanza. Lipasue, toa mbegu (usitupe!), weka vipande oveni nyuzi 200 karibu saa nzima, kwangua nyama, ifunge kwenye kitambaa cha kuchujia tui, ining'inize juu ya bakuli ndani ya jokofu usiku kucha. Asubuhi utakuta maji mengi bakulini. Usiyamwage, yakandie unga wa mkate au pikia mchuzi wa maharage. Kilichobaki kwenye kitambaa kimekauka, na hicho ndicho cha maandazi: unga nusu kilo, boga robo kilo, pakiti moja ya hamira ya gramu 7, sukari gramu 80, iliki uliyoitwanga mwenyewe, tui vijiko vitatu vinne mpaka unga ushikane. Acha uumuke, kata, kaanga kwa moto wa wastani kwa sababu boga linawahi kubadilika rangi kabla ndani hapajaiva. Maandazi haya yana rangi ya machweo ya Pangani, ninasema hivyo kila mwaka na kila mwaka nafurahi kuyaona.

Ila yale yaliyochongwa macho na kuwekwa mshumaa ndani, yakakaa nje siku kadhaa, hayo usile. Hayo ni ya mbolea.

Sasa lile la kijivu. Hapo umepata bahati. Ganda la kijivu la kuelekea bluu, nyama ya chungwa iliyokolea, kavu, nzito: huenda ni Crown Prince. Hilo ndilo boga la nazi. Usilichanganye na unga, usilifanye supu, utakuwa umelidhulumu. Ganda lake ni gumu kweli, mimi hulipasua kwa kisu kikubwa nikikigonga kwa mwiko wa mbao, na nikiona linakataa naliweka zima oveni dakika ishirini kwanza, nimelitoboa tundu mbili tatu. Kilo moja ya vipande, maji nusu kikombe tu, chumvi, funika mpaka lilainike. Kisha kopo moja la tui, sukari vijiko vitatu, iliki punje sita, na sasa usifunike, acha tui likauke likamatane na boga. Usikoroge sana. Ukila hilo utasamehe yale mengine yote.

Na kama huna nafasi wiki hii, lile la kijivu linasubiri. Usiling'oe kikonyo, liweke mahali pakavu pasipo baridi kali, litakaa miezi. Mwaka juzi nilifuturu Ramadhani kwa moja nililolivuna Oktoba.

Nyanya. Zigawe mafungu mawili. Zile zilizoanza kupauka au kuona wekundu kidogo zitie kwenye droo pamoja na ndizi moja iliyoiva, funga, zitaiva zenyewe polepole. Zile za kijani kibichi zilizo ngumu zitengenezee chatne ya tende: kilo moja na nusu ya nyanya, robo kilo ya tende zilizotolewa kokwa, vitunguu maji viwili, tangawizi kidole kizima, pilipili, siki vikombe viwili vya chai visivyojaa, sukari gramu 150, chumvi. Moto mdogo, saa moja na nusu au zaidi, mpaka ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia ibaki wazi kidogo kabla haijajifunga. Nayo iweke jokofu. Kwa sambusa, kwa viazi vya kuchoma, kwa wali mkavu wa siku ya kazi usiku, inafaa yote hayo.

Niishie hapo, mlango unagongwa. Uliza usilolielewa.

---

MtotoWaDarajani (Portsmouth) · 3 Novemba, saa 9 alasiri

Mama Pangani umesema kweli tupu, mimi niongeze moja tu la Unguja.

Urojo. Hapa watu wanapikia urojo kwa ndimu au unga wa embe kavu wa madukani, ladha inakuwa ya juu juu. Chemsha Bramley mbili na maji kikombe kimoja mpaka ziyeyuke, chuja, tumia rojo hiyo badala ya embe bichi. Unga wa ngano vijiko viwili uliovurugwa kwa maji baridi, binzari kidogo, chumvi, rojo la Bramley, na maji mpaka upate uzito unaoupenda. Koroga bila kuacha mkono. Halafu viazi vyako, bajia, kachori, mishikaki, chatne ya nazi, pilipili, na zile chipsi nyembamba za muhogo juu. Muhogo ukikosekana, paruza hilo boga la shingo ndefu nyuzi nyembamba, likamue, likaange mpaka likauke. Si muhogo, lakini linavunjika mdomoni vizuri.

Halafu dada, ukienda Unguja usiseme tofaa ukimaanisha hilo. Tofaa kwetu ni lile jekundu la majimaji lenye harufu ya waridi. Nimeona Wakenya wanaliita hili tofaa pia, kila mtu na kwao.

---

BintiMuheza (Derby) · 3 Novemba, saa 2 usiku

Mama, sina neno la kukushukuru. Nilitoka kazini saa nane, nikakata moja kwa chumvi na pilipili kama ulivyosema. Mwanangu alikula vipande sita, na yule mdogo akalilia. Mimi nilikula nikamkumbuka mama aliyekuwa akiuza embe kwa kisu cha mti shuleni kwetu.

Nina maswali matatu. Umesema mbegu za boga nisitupe, nizifanyeje? Majani ya maboga yanapatikana huku? Nimeyatamani tangu nifike. Na la tatu: kwenye bustani ya watu wote karibu na nyumbani kuna miti inadondosha karanga kubwa za kahawia zinazong'aa, nimeona watoto wanaokota. Zinaliwa?

---

MwanaKatanga (Liège) · 3 Novemba, saa 3 usiku

Dada, mimi nijibu ya mbegu. Kwetu Kongo mbegu za maboga tunazipenda sana, kwa Kilingala wanaziita mbika. Osha, anika au kausha oveni kwa moto mdogo, menya ganda moja moja (kazi ya jioni, watu wakipiga hadithi), kisha twanga ziwe unga. Changanya na kitunguu, pilipili, chumvi, vipande vya samaki mkavu na maji kidogo mpaka ishikane, funga kwenye jani la mgomba na upike kwa mvuke karibu saa moja. Majani ya mgomba huku Ubelgiji nanunua yaliyogandishwa. Nikikosa natumia karatasi ya kuokea na juu yake foili.

Kama kumenya kunachosha, Austria kwenye jimbo la Styria wanalima boga ambalo mbegu zake hazina ganda gumu, wanakamua mafuta yake. Mbegu hizo huuzwa madukani zikiwa safi, za kijani. Mimi nikiwa na haraka nanunua hizo. Lakini zako za bure anza nazo, kaanga kwa chumvi tu kama huna muda, watoto watafune.

---

MamaPangani (Nottingham) · 4 Novemba, saa 1 asubuhi

Mwanangu, naanza na hilo la tatu maana nimeamka kwa ajili yake. Usizile hizo na watoto wasizitie mdomoni. Kuna miti miwili huku, karanga zake zinafanana, na mmoja ni sumu. Tazama ganda la nje. Likiwa la kijani lenye miiba michache, mifupi, imetawanyika, na ndani karanga moja ya mviringo yenye kung'aa, hiyo ni ya watoto kuchezea na inadhuru ikiliwa. Karanga ya kuliwa ganda lake limejaa miiba myembamba mingi mno, kama mgongo wa nungunungu mdogo, huwezi kulishika kwa mkono mtupu, na ndani kuna karanga mbili tatu zilizobanana zenye ncha na kijishungi kidogo juu. Zile wanazookota watoto kwenye bustani za mjini mara nyingi ni zile za sumu. Usipokuwa na hakika, nunua sokoni mfuko mmoja uzijue kwa macho na mikono kwanza. Hizo za kuliwa zitie alama ya kisu zisipasuke, choma oveni nyuzi 200 nusu saa, menya zikiwa moto. Ladha yake iko karibu na kiazi kitamu kikavu. Mimi huzipika kwa tui na sukari kidogo kama mbaazi za asubuhi, na nakula na maandazi yale ya boga.

Na kuhusu maboga nilisahau jambo ambalo nisingelipenda kulisahau: boga lolote, ukionja kipande kibichi ukasikia uchungu, si ukosefu wa utamu, uchungu wa kweli wa kukunja uso, tema na tupa lote. Uchungu huo hautoki kwa kupika na unaumiza tumbo vibaya. Vile viboga vidogo vya rangi rangi vya kupamba meza ndivyo hasa vya kuogopa.

Haya, majani. Majani ya maboga hapa huyapati dukani kirahisi. Mimi nina kishamba cha kukodi cha halmashauri, wenyewe wanaita alotimenti, nyuma ya reli. Kuna foleni ya kukipata, mimi nilisubiri zaidi ya mwaka, kwa hiyo jiandikishe huko Derby wiki hii hii, usingoje masika. Kipande changu ni nusu ya kile cha kawaida, na nusu yake yote ni maboga. Mzee wa kipande cha jirani, Mwingereza, amelima pale tangu mimi sijazaa, aliniona mwaka wa kwanza nachuma ncha za maboga nazijaza kwenye mfuko, akaja mbio kuniambia naua mmea. Nikamweleza. Wiki iliyofuata nikamletea bakuli, majani yamepikwa kwa karanga na ugali pembeni. Alirudisha bakuli tupu. Sasa kila Agosti ananiachia mzigo wa majani ya maboga yake mlangoni mwa banda, amefungia kamba, na nyuzi za vikonyo ameshazichuna mwenyewe kama nilivyomfundisha.

Maana huo ndio ufunguo wake: vunja kikonyo kwa juu, vuta, uzi utatoka hadi kwenye jani. Chuna zote. Kisha fikicha majani kwa mikono na chumvi kidogo vile vinyweleo vilale. Chuma machanga tu, na chuma kabla ya mwisho wa Agosti, kwa sababu Septemba ukungu mweupe kama unga unayashika, na jalidi la kwanza likipiga usiku mmoja tu, asubuhi unakuta shamba zima limelala jeusi. Ya kuhifadhi yatie maji yanayochemka dakika mbili, yatoe uyatie maji baridi, kamua, fanya matonge kama ngumi, gandisha. Tonge moja ni mboga ya watu wawili.

Kwa sasa, Novemba, nenda sokoni utafute bitiruti zinazouzwa na majani yake. Wauzaji wengine wanayakata na kuyatupa, waombe. Yapike kama mchicha, kwa kitunguu na tui. Yanatia mchuzi rangi nyekundu, usishtuke.

---

MkulimaNakuru (Reading) · 4 Novemba, saa 2 asubuhi

Mama, kwetu hayo majani ndiyo yanatia mukimo rangi ya kijani. Viazi, mahindi, na majani ya malenge, unaponda pamoja. Miaka kumi na moja niko huku na nimekuwa nikitumia spinachi. Leo ninaandika barua kwa halmashauri kuomba kipande.

---

BintiMuheza (Derby) · 8 Novemba, saa 1 usiku

Nimerudi na habari. Zile karanga ni za miiba michache, nimewaambia na wazazi wenzangu shuleni. Lile boga kubwa lilitoa maji jagi zima! Maandazi yametoka arobaini, nimepeleka ishirini kazini, na bibi mmoja wa miaka 91 aliomba la tatu. Chatne ya tende imejaza chupa nne, moja nimempelekea mzee aliyenipa nyanya. Achari iko jokofuni, ina siku nne, nimekatazwa na mume wangu kuifungua kabla ya wiki na yeye mwenyewe nimemkuta na kijiko.

La kijivu sijaligusa. Liko juu ya kabati, kikonyo chake kipo. Nalisubirisha Ramadhani.

Mama Pangani, ndoo moja ya matufaha bado ipo, mazuri, ya kuchuma kwa mkono. Jumamosi ijayo sina kazi. Nikija Nottingham kwa treni ya asubuhi nitakukuta?

---

MamaPangani (Nottingham) · 8 Novemba, saa 2 usiku

Utanikuta. Njoo na watoto. Nina matonge tisa ya majani kwenye friza, nimeshakutolea manne. Makrili nitanunua Ijumaa.